Mie Dokta Koleo, Niliyeshindwa Kila Jumamosi

Kazi yangu ilikuwa kushindwa. Wenzangu wanastaafu wamejenga madaraja, wamezalisha wajawazito, wamefundisha watoto wa watu kusoma. Mie nimestaafu nikiwa nimeanguka kutoka kwenye kila ghorofa la mji huu, nimelipuliwa, nimemezwa na papa, nimegandishwa kwenye barafu kama samaki wa Feri, na kila Jumamosi asubuhi watoto walikuwa wanakaa mbele ya televisheni na vikombe vyao vya uji, wananishangilia nikishindwa. Nashukuru sana kwa heshima hiyo.

Nyie vijana mnaoanza kazi sasa kwenye kile chumba cha kurekodi mmeniomba niandike "uzoefu". Haya. Darasa la nne nilimaliza, herufi nazijua, ila zinakuja polepole kama wageni wasiotaka kukaribia. Naandika kwa peni, mjukuu wangu Zuhura atapiga chapa. Mkikuta neno zuri sana humo ndani, huyo ni Zuhura, si mie.

Kwa asiyejua habari zetu: kulikuwa na katuni iliyochorwa na kurekodiwa hapahapa Chang'ombe, ya shujaa anayeitwa Kishada. Kishada anaruka angani, anaokoa watu, ana kifua kama mlango wa benki. Adui yake ni Dokta Koleo. Dokta Koleo hana misuli, ana vifaa. Ana koleo la kung'oa mnara wa simu, mwavuli wa kuiba mvua, miwani ya kunyonya mwanga wa jua, na pochi inayofunguka ikatoka tingatinga. Sauti ya Dokta Koleo ni mie, tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Na tangu ile ya kwanza nilikuwa na ombi moja tu kwa wakubwa: nishinde. Mara moja tu. Halafu nife na nafsi yangu imetulia.

Sikuomba kazi. Nilienda kugombana. Studio ilikuwa nyuma ya nyumba yangu, ukuta kwa ukuta, na upande wa pili walikuwa mafundi wa kuchomelea mageti. Studio walikuwa na jenereta, na hilo jenereta bomba lake la moshi lilielekea kwenye kamba yangu ya nguo kana kwamba lilipimwa na mhandisi. Siku hiyo ni Ijumaa. Kanzu ya mume wangu nimeifua, nimeitia buluu, nimeianika inang'aa. Narudi kuianua, imekuwa ya fundi gereji. Nikaichukua hivyohivyo, povu limenifika viwikoni, nikazunguka ukuta.

Nikasukuma mlango wa kwanza, nikasukuma wa pili, nikaingia chumba kimebandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Nikasema, yaani hawa wamekula mayai yote haya na wameshindwa kununua bomba refu la moshi? Nikatema yote niliyokuwa nayo. Niliwaambia nitawang'oa mmoja mmoja kama magugu. Niliwaambia nitalichukua hilo jenereta nilitie kwenye sufuria nilichemshe mpaka litubu. Upande wa pili wa kioo kuna msichana amevaa hedifoni, badala ya kuogopa ananinyooshea dole gumba. Nikazidi kupanda.

Nilipoishiwa pumzi akatoka. Ndiye Joyce, dayrekta, wakati huo mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Shikamoo bibi. Samahani sana kwa moshi."

"Marahaba. Samahani yako haifui kanzu."

"Unaweza kurudia pale uliposema utatung'oa mmoja mmoja?"

"Kurudia? Kwani hukusikia?"

"Nimesikia bibi. Nataka kusikia tena, ukiwa karibu na hicho kipaza."

Kumbe walikuwa wamejaribu wanaume wiki nzima, wote wanaguna kama wana tumbo la kuhara. Dokta Koleo alikuwa keshachorwa, mwanaume mwenye ndevu. Baada ya kunisikia wakamfuta ndevu, wakamfunga kilemba, wakamvika herini kubwa. Ndivyo nilivyozaliwa mie: kutoka kwa mwanaume aliyenyolewa kwa kifutio. Bomba la moshi nalo likageuzwa likaelekea kwa mafundi wa mageti, ambao hawakuona tofauti.

Kazi yenyewe siku ya kwanza ilinishinda. Msiniulize kuhusu kusoma, hilo tulilitatua: Saidi fundi sauti, ambaye wote tunamwita Side, alikuwa ananisomea mstari sikioni nami naurudisha. Ishu ilikuwa mtu wa kumtukana. Kishada, shujaa wenu anayepasua kuta kwa ngumi, alikuwa Mwalimu Maganga, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Mwenge, anaimba kwaya. Kichwa cheupe kama pamba. Hata viatu alikuwa anavuliwa, kuinama hawezi. Lakini akifungua mdomo unasikia kijana wa miaka ishirini anayeweza kubeba treni.

Sasa mzee amenisalimia vizuri, ameniuliza hali ya wajukuu, amenivutia kiti. Halafu taa nyekundu inawaka, natakiwa nimwambie nimemkamata na nitamsaga kama unga. Nikasema, "Leo umepatikana, ewe mdudu! Samahani mwalimu." Side akasimamisha. Tukaanza upya. "Leo umepatikana, ewe mdudu! Pole lakini." Joyce akaweka kichwa mezani. Mie nimelelewa, jamani. Nitaanzaje?

Mwalimu Maganga akavua hedifoni. "Mama, kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo, tena wa kule ndani kabisa."

Akapiga makofi, nusura aanguke kwenye kiti. "Aa! Kumbe mtumwa wangu! Muda wote huu nakuheshimu bure! Mie Mnyamwezi wa Tabora!"

Nyie mliolelewa na simu hamjui, basi niwaeleze. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani unamtukana uso kwa uso, unamnyang'anya nyama kwenye sahani yake, na haruhusiwi kununa. Akinuna, aibu yake. Mie nilikuwa nimekaa na mtani wangu asubuhi nzima nampa pole!

"Mtumwa nani?" nikamwambia. "Babu yako alifika pwani na pembe ya ndovu kichwani, hana hata shati mgongoni. Sie ndo tulimwonyesha bahari. Aliiona akataka kurudi mbio Tabora!"

"Na mkampa maji ya kunywa. Ya chumvi!"

"Si ndiyo mliyozoea? Jasho lenu lina nini?"

Side, Mungu ambariki, alikuwa keshabonyeza kurekodi. Kuanzia hapo Joyce akawa anaandika "mdudu" kwenye karatasi, mie natoa "wewe uliyebeba mizigo mpaka shingo ikaingia tumboni". Watoto wakadhani Dokta Koleo ana kichaa maalumu. Wazee waliokuwa wanapita sebuleni kuchukua ufunguo walikuwa wanasimama na kucheka hadi mwisho.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyenifundisha kazi. Msidhani nilijifunza kwa Joyce, Joyce alijifunza kwenye kompyuta. Mwalimu alinifundisha kwamba pumzi inakaa tumboni, kifuani inapita tu. Cheko la uovu usilitoe kooni, utakuwa umekauka kabla ya saa sita. Jifanye unasukuma kabati la nguo, halafu lile kabati linakubali. Kuanguka vilevile kuna ufundi wake. Dokta Koleo alikuwa anaanguka kila sehemu, na kila mwanguko una ukelele wake. Ukianguka kutoka kwenye ghorofa una muda wa kujuta. Ukianguka kutoka kwenye kiti, huna. Wengi wenu mnapiga ukelele mmoja kwa kila kitu, nawasikia, mtu kateleza kwenye ganda la ndizi analia kama kaanguka kutoka kwenye ndege.

Mengine ni ya kawaida ila nayasema kwa sababu hamsikii. Msiingie na bangili. Msile karanga kabla ya kurekodi, zile punje zinajificha kwenye meno zikisubiri neno muhimu. Msije na njaa, kipaza kinasikia tumbo kuliko daktari. Kitambaa kigumu kipya kiacheni nyumbani, mie niliwahi kuvaa baibui la sikukuu, ikabidi tuseme Dokta Koleo anatembea kwenye majani makavu. Na mafundi wa mageti wakiwasha grenda, kaeni kimya, msiwatukane. Niliwatukana mie kwa niaba yenu kwa miaka mingi na hawakuwahi kuizima.

Vifaa vya Dokta Koleo vilitoka jikoni kwangu. Ile mashine yake ya kutoboa mlima ni mbuzi yangu ya kukunia nazi, nakuna kifuu kikavu taratibu halafu kwa haraka. Bunduki ya mwanga ni zipu ya begi. Pampu ya kunyonya bahari ni mrija kwenye chupa ya soda inapokaribia kuisha, jambo ambalo wajukuu zangu walikuwa wanachapwa kwa kulifanya, na mie nikalifanya kwa mshahara. Ugali mzito ukiwa unatokota ndiyo ile volkano. Side alikuwa na kompyuta yenye milipuko ya kila namna, tukawa tunachanganya, ya kwake na ya kwangu, na hakuna mtoto aliyewahi kuandika barua ya malalamiko.

Uovu wenyewe ulikuwa unatupa shida. Joyce aliandika sehemu moja Dokta Koleo anakata umeme wa Dar es Salaam nzima. Tulirekodi yote. Mwisho Mwalimu akauliza kwa upole, "Sasa watazamaji watajuaje kwamba kuna tukio?" Ikafutwa. Akaandika nyingine, Dokta Koleo anatumia koleo kubwa kuzuia magari yasitembee Barabara ya Kilwa saa za kwenda kazini. Na hiyo ikafutwa kwa sababu ileile. Adui wa dunia katika mji huu ana kazi ngumu, kila anachopanga anakuta wenzake wamemtangulia.

Pale Mtoni alipo binti yangu na hapa kwetu, nikawa mtu wa maana. Zuhura alipokuwa mdogo alitangaza shule nzima kwamba bibi yake ndiye Dokta Koleo, wakambishia, nikaenda siku ya kuchukua ripoti nikawacheka mara moja tu langoni. Hakubishiwa tena mpaka kamaliza darasa la saba, na huyu sasa ni mwanafunzi wa chuo, mwenye akili, mrefu, na anayepiga chapa haya bila kuruhusiwa kufuta. Mama za watu walikuwa wananipigia simu: "Bibi, huyu hataki dawa." Nasema nipewe huyo mtoto. Naongea naye. Dawa inamezwa, na kijiko kinarambwa.

Lakini ushindi hamna. Kila Joyce alipoleta karatasi mpya nilikuwa naenda ukurasa wa mwisho. Kusoma polepole kote huko, ukurasa wa mwisho niliusoma haraka.

"Joyce, hapa tena naangukia kwenye shimo la choo?"

"Ndiyo bibi."

"Lini nashinda?"

"Bibi, ukishinda watoto watalia."

"Walie kidogo! Mie nimelia mara ngapi? Nililia ndani ya papa, uliniuliza?"

"Wafadhili wanataka funzo."

Wafadhili hao walikuwa wanasafiri kutoka mbali, wanalala hotelini, ili kutuletea funzo kwamba mwizi ni mbaya. Temeke tulikuwa hatujui.

Na Mwalimu naye anachochea. "Mtumwa akishinda nani atabeba mizigo?" Namwambia, "Mnyamwezi, mizigo ni kipaji chenu, mie nitaanzia wapi?" Tunacheka. Lakini msidhani lilikuwa jambo la kucheka tu. Mtu ukishindwa kila wiki mbele ya watu, hata kwa kuigiza, kuna mahali panauma. Mwanamke anatengeneza pochi inayotoa tingatinga, halafu anaangushwa na mwanaume anayeruka bila hata kueleza anarukaje! Hakusomea, hakuunda kitu, amezaliwa hivyo. Nani alifanya kazi hapo? Nilimwuliza Mwalimu, akafikiri, akasema, "Kweli hapo mnaonewa." Siku hiyo hakunitania mpaka jioni.

Nadhani ndiye aliyenisemea kwa Joyce, kwa sababu siku moja Joyce akaja anacheka peke yake. Msimu unaelekea ukingoni, na kwenye sehemu yake ya mwisho Dokta Koleo anashinda. Anamkamata Kishada, anamfungia kwenye sanduku la chuma, anakaa juu yake anakunywa chai. Msimu unaofuata Kishada atatoka, lakini sehemu hii inaishia hapo, kwenye chai yangu.

Nilimwomba Side anisomee ukurasa wa mwisho, halafu nikamwomba tena.

Mwalimu aligeuza karatasi zake mbele nyuma. "Yaani sehemu nzima mie nina mguno tu? Mtumwa anahutubia kurasa zote hizi, mie nasema 'mmh' mara moja?"

"Na uuseme vizuri," nikamwambia. "Usiniharibie."

Akaenda kwenye kipaza kuufanyia mazoezi. Akaguna kiungwana, akaguna kama mtu aliyebanwa mlangoni, akaguna kama mwalimu mkuu aliyesikia matokeo. Side akawa anarekodi kwa kujifurahisha. Tulipanga kurekodi yenyewe Jumatatu ya wiki inayofuata.

Katikati ya wiki, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Maganga akajinyoosha kwenye kochi kwake Mwenge. Mkewe, Mama Neema, alipokwenda kumwamsha kwa chai, hakuamka. Presha, walisema. Joyce alinipigia simu, akashindwa kusema, nikaelewa kwa jinsi alivyoshindwa.

Sasa mtani hafi ukaenda kulia. Kulia kuna wenyewe. Mzaramo akifiwa na Mnyamwezi ana kazi pale msibani: kuwafanyia fujo wafiwa, kumwigiza marehemu, kuzuia jeneza, kudai chochote, mpaka watu wacheke wapende wasipende. Msiba wa Mnyamwezi usiokuwa na Mzaramo wa kuuvuruga watu wanauzungumzia baadaye, na si kwa wema. Nikavaa baibui langu, nikaenda Mwenge siku ya kuaga. Zuhura akanishika mkono njia nzima, nikamwambia aniachie, sijafa mie.

Ua umejaa. Walimu wenzake, kwaya na sare zao, watoto wamepanda juu ya uzio. Ndani Mama Neema amekaa kwenye godoro, macho makavu, hajasema neno tangu asubuhi, wanawake wanambembeleza anywe hata maji. Mchungaji, kijana kijana, akamaliza sala, wanaume wakabeba jeneza wakaelekea mlangoni. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Miaka yote ile haijawahi kuniangusha, ikaniangusha pale. Nikakumbuka kwamba pumzi inakaa tumboni. Nikajilaza chini, kwenye kizingiti, mwili mzima, na jeneza likasimama juu yangu.

Nikacheka. Lile cheko, la kabati.

"Haaa! Kishada! Leo umepatikana, mbeba pembe wewe! Nani kakutia kwenye sanduku kama si mie? Unaruka? Ruka sasa nikuone!"

Huko nje uzio ukalipuka. "Dokta Koleo! Oyaa, Dokta Koleo yuko ndani!"

Mchungaji akainama, amekuwa wa kijivu. "Mama, tafadhali. Heshimu mwili wa marehemu."

Mzee mmoja wa Kinyamwezi akamshika bega. "Mchungaji, muache. Huyo ni mtani. Yuko kazini."

"Haitoki maiti hapa!" nikasema, bado kwa sauti ileile. "Nimepigwa na huyu mzee, nimezamishwa, nimetiwa chooni, miaka! Leo mkiri wote, mbele ya Mungu na majirani: Dokta Koleo kashinda! Mkikiri, nainuka. Msipokiri, tutazikana hapahapa mlangoni."

Watu wakaanza kuguna na kucheka chini chini. Hakuna anayekiri. Ndipo wanawake wakaachia njia, nikaona miguu ya Mama Neema. Amesimama. Naye ni Mnyamwezi, msisahau, kwa hiyo ni mtani wangu vilevile. Amefunga khanga kiunoni kama mtu anayekuja kuamua ugomvi.

"We mtumwa."

"Naam."

"Mume wangu kaitwa na Mungu, kaenda. Katika huo wito, kuna mahali ulisikia jina lako?"

Nikainua kichwa kutoka sakafuni, nikamtazama.

"Nakuuliza. Ulisikia?"

"Sikusikia," nikasema, na ile ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

"Basi hujamshinda. Alikupiga jana, amekupiga na leo, na amelala. Inuka, unachafua baibui la watu."

Ua mzima ukapasuka. Mchungaji mwenyewe aligeukia ukutani mabega yanamtikisika. Mama Neema alicheka mpaka akajiziba kwa khanga, na kicheko kilipofika katikati kikageuka, akalia kilio cha kweli, cha kwanza tangu mumewe afe, wanawake wakampokea. Hicho ndicho nilichoendea. Zuhura na yule mzee wakaniinua, magoti yangu si ya katuni. Nikapisha. Kishada akapita.

Jumatatu nikaenda kazini kama tulivyopanga. Side amewasha mitambo, vipaza viwili vimesimama kama kawaida, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuondoa kimoja. Joyce macho yamevimba.

"Bibi, ule mguno tunao. Side aliurekodi kwenye mazoezi. Tunaweza kufanya sehemu yako yote leo. Unashinda, kama ulivyotaka siku zote."

Nikavaa hedifoni. Side akanisomea mstari wa kwanza sikioni. Nikakitazama kile kipaza cha pili.

"Joyce, mwanangu," nikasema, "namshinda nani?"

Akatazama karatasi zake, akageuza ukurasa, akageuza na mwingine. Nikavua hedifoni nikaitundika, nikazunguka ukuta, nikarudi kwangu.